Aliyezaliwa Nairobi Akatunga Filamu Uingereza

Katika matoleo yaliyopita ya gazeti letu tumesoma habari za wakimbiaji, za viongozi wa nchi, na za wanafunzi wa zamani waliokuwa madaktari na wahandisi. Sikumbuki kusoma hata mara moja juu ya mtu ambaye kazi yake ni kutunga hadithi za senema. Kwa hiyo nimemwomba mhariri nafasi niandike juu ya mmoja, Bibi Gurinder Chadha, ambaye ni Mwingereza kwa uraia, mtu wa Punjab kwa asili, na mzaliwa wa Nairobi. Ninayo sababu yangu ya kumchagua yeye, nami nitaieleza kabla sijamaliza.

Kwanza yafaa nieleze kazi yenyewe, maana wengi wetu tukitazama filamu twajua majina ya waigizaji tu. Nyuma ya waigizaji wako watu wawili ambao bila wao hapana filamu. Mmoja ni mtunzi, ambaye huandika mswada, yaani maneno yote yatakayosemwa na matendo yote yatakayotendwa. Wa pili ni mwongozaji, ambaye huuchukua mswada huo na kuugeuza kuwa picha. Yeye huchagua waigizaji, huamua kamera isimame wapi, na huamua ni kipande gani kibaki na kipi kitupwe. Mara nyingi kazi hizi mbili hufanywa na watu mbalimbali. Bibi Chadha ni mmoja wa wale wanaozifanya zote mbili, ijapokuwa huandika pamoja na wenzake, hasa mumewe Bwana Paul Mayeda Berges, ambaye ni Mmarekani.

Bibi Chadha alizaliwa mwaka 1960, miaka mitatu kabla ya Uhuru wetu. Watu wake ni wa dini ya Sikh, ambao sisi tumezoea kuwaita Makalasinga. Tunaosafiri kwa barabara ya Mombasa twawajua kwa hekalu lao la Makindu, ambapo msafiri yeyote hupewa chakula bila kuulizwa kabila wala dini. Wengine twawajua kwa gereji zao na maduka yao ya vyuma. Lakini twawajua kutoka upande wetu wa kaunta. Mambo wanayozungumza jioni wakila, ugomvi wa mama na binti, hofu za baba, hayo hatuyajui, kama vile wao wasivyoyajua ya kwetu. Filamu za Bibi Chadha humpitisha mtazamaji upande wa pili wa kaunta, akaketi sebuleni pamoja na wenye nyumba.

Alikuwa angali mtoto mdogo jamaa yake ilipohamia Southall, magharibi mwa London, mahali walipokaa Wapunjabi wengi. Huku Kenya baba yake alikuwa akifanya kazi katika benki. Alipofika Uingereza aliomba kazi ya namna ile ile, akakataliwa na kuchekwa kwa ajili ya kilemba chake na ndevu zake. Baadaye jamaa ile ilifungua duka, wakapata riziki yao kwa njia hiyo. Naomba msomaji ayashike moyoni mambo haya ya baba na kilemba, kwa kuwa tutakutana nayo tena.

Binti huyu alisoma katika Chuo Kikuu cha East Anglia, kisha akawa mwandishi wa habari wa redio ya BBC. Karibu na mwaka 1990 alitengeneza filamu fupi ya mambo ya kweli iitwayo I'm British But..., ambamo vijana waliozaliwa na wazazi wa Asia wanaeleza jinsi wanavyojiona: je, wao ni Waingereza au ni watu wa kule walikotoka wazazi wao? Swali hilo hakuliacha tena katika kazi yake yote.

Filamu yake ndefu ya kwanza, Bhaji on the Beach, ilitoka mwaka 1993, na mswada wake uliandikwa na Bibi Meera Syal. Neno bhaji ni ndugu wa bajia zetu. Hadithi yake ni ya wanawake wa asili ya Kihindi, wazee kwa wasichana, wanaopanda basi dogo kutoka Birmingham kwenda kupunga hewa kwa siku moja Blackpool, mji wa pwani. Ndani ya basi mna vicheko na vyakula, lakini pia mna siri. Mmoja amemkimbia mume anayempiga. Mwingine, msichana ambaye wazazi wake wanataraji awe daktari, ana mimba ya kijana mweusi. Safari ikiisha, kila mmoja amelazimika kuamua jambo. Haikuwa kawaida katika Uingereza ya wakati ule kuwaona wanawake kama hao katikati ya filamu, wakiwa wenye hadithi yao wenyewe na si wapita njia katika hadithi ya wengine.

Mwaka 2000 alitoa What's Cooking?, inayoonyesha jamaa nne za Los Angeles, za asili mbalimbali, zikipika chakula cha sikukuu moja ya Kimarekani. Lakini filamu iliyompa jina duniani ni ile ya mwaka 2002, Bend It Like Beckham. Hiyo ndiyo tuliyoonyeshwa bwaloni muhula wa kwanza, Jumamosi usiku, kwa hisani ya mwalimu wetu wa fasihi. Waliokuwapo watakumbuka kelele zilizopigwa wakati wa adhabu ya mwisho, kana kwamba mpira ule ulikuwa unachezwa uwanjani kwetu.

Kwa wale ambao hawakuiona, hadithi ni hii. Jess ni msichana wa Kisikh anayekaa magharibi mwa London, naye anapenda mpira wa miguu kuliko kitu chochote. Mama yake anataka ajifunze kupika chakula kamili cha Kipunjabi na kufinyanga chapati za mviringo. Dada yake anakaribia kuolewa. Jess anajiunga kwa siri na timu ya wasichana, na mwishowe mchezo wa fainali unaangukia siku ile ile ya harusi. Jina la filamu latokana na David Beckham, aliyekuwa stadi wa kuupiga mpira ukapinda, ukauzunguka ukuta wa wachezaji na kuingia golini. Msichana naye inambidi ajifunze kupinda namna hiyo, afike anakotaka pasipo kuuvunja ukuta wa jamaa yake.

Natamani wanafunzi wa Chama cha Tamthilia wautazame ufundi wa sehemu moja. Jess anajitayarisha kupiga ule mpira wa adhabu. Anapoinua macho, badala ya kuwaona wapinzani wamejipanga, anamwona mama yake na jamaa zake wanawake wamesimama pale katika nguo zao za harusi. Hakuna neno linalosemwa. Mwongozaji ametumia picha moja kueleza jambo ambalo mwandishi wa insha angelitumia ukurasa mzima. Tena kuna jambo jingine dogo. Mwigizaji Parminder Nagra alikuwa kweli na kovu la moto mguuni. Mwongozaji hakulificha, bali alilitia katika hadithi, likawa kovu la Jess mwenyewe na sababu ya kuona haya kuvaa kaptura.

Filamu hii ilitengenezwa kwa fedha chache zikilinganishwa na filamu za Hollywood, ikaingiza zaidi ya dola milioni 70 ulimwenguni. Mwaka 2010 ilionyeshwa hata katika televisheni ya Korea Kaskazini, ijapokuwa ilikatwa ikawa fupi. Lakini nisingeliandika makala hii kwa ajili ya fedha hizo. Naiandika kwa ajili ya baba wa Jess.

Katika hadithi nyingi za namna hii, mzazi anayekataa huwa ni adui tu. Mtoto ana ndoto, mzazi ni ukuta, na mwishowe ukuta unaanguka watazamaji wakapiga makofi. Bibi Chadha hakufanya hivyo. Baba wa Jess, aliyeigizwa na Bwana Anupam Kher, anakuja kueleza kwa nini anakataa. Anasema kwamba alipokuwa kijana huko Nairobi alikuwa hodari sana wa kurusha mpira wa kriketi. Alipofika Uingereza, wenye vilabu walikicheka kilemba chake wakamfukuza. Akaweka mpira chini, asicheze tena. Hataki binti yake aonje uchungu ule. Basi kukataa kwake kumbe ni namna ya kumkinga mtoto. Naye ndiye anayemruhusu Jess kuondoka harusini akacheze nusu ya pili. Baadaye anakiri kwamba yeye alipofukuzwa alikubali kushindwa, akaumia mwenyewe, na kwamba kwa binti yake anataka apigane na ashinde. Mwisho wa filamu mzee yule anaonekana ameshika tena kriketi yake.

Msomaji atakumbuka yule baba wa kweli, aliyechekwa kwa ajili ya kilemba alipokwenda kuomba kazi. Sisemi kwamba baba wa filamu na baba wa mtunzi ni mtu mmoja, maana mmoja alitaka kazi na mwingine alitaka kucheza. Lakini uchungu wao umetoka katika chungu kimoja. Nadhani hapo ndipo ulipo uwezo wa Bibi Chadha. Hakwenda mbali kutafuta hadithi. Aliutazama uso wa mzazi aliyemkataza mtoto, akauliza: huyu naye alikatazwa nini?

Swali hilo nimeliona tena katika filamu nyingine mbili ambazo mwalimu alituazima. Moja ni Viceroy's House ya mwaka 2017, inayohusu kugawanywa kwa India mwaka 1947, wakati Waingereza walipoondoka na nchi ikapasuliwa kuwa India na Pakistani. Mamilioni ya watu walihama makwao, na wengi sana waliuawa. Bibi yake mtunzi alikuwa mmoja wa waliokimbia pamoja na watoto, na mtoto mmoja mchanga alikufa njiani kwa njaa. Babu alikuwa huku Kenya akifanya kazi. Ilimpasa asafiri kwenda kuitafuta jamaa yake, mpaka akaipata katika kambi ya wakimbizi. Filamu hiyo haikupendwa na wote. Mwandishi Fatima Bhutto wa Pakistani aliilaumu kwa ukali, akisema inawapa Waingereza heshima isiyo yao, na Bibi Chadha akamjibu. Mimi naona ni vema tujue kwamba mtunzi mashuhuri naye hulaumiwa, na kwamba humpasa kuitetea kazi yake mbele ya watu.

Ya pili ni Blinded by the Light ya mwaka 2019, iliyotokana na kitabu cha Bwana Sarfraz Manzoor juu ya ujana wake. Javed ni kijana wa asili ya Pakistani katika mji wa Luton, mwaka 1987. Anaandika mashairi kwa siri na kusikiliza nyimbo za Bruce Springsteen. Baba yake anafukuzwa kazi katika kiwanda cha magari, na mama anashona nguo nyumbani mchana na usiku ili wale. Katika nyumba kama ile, mtoto anayesema anataka kuwa mwandishi husikika kana kwamba anafanya mzaha. Hapa pia baba hakufanywa kuwa adui. Twaonyeshwa hesabu anazozifanya kichwani: kodi, chakula, harusi ya binti. Mwishowe Javed anasimama shuleni kusoma insha yake iliyoshinda, anawaona wazazi wake wameingia, naye anaiacha karatasi na kuanza kuzungumza nao.

Sasa nieleze sababu yangu niliyoitaja mwanzo. Baba yangu ni fundi cherehani mjini Voi, na cherehani yake ndiyo iliyonisomesha mimi na ndugu zangu wawili. Katika likizo ya Desemba nilimwambia kwamba nikipita mtihani wa kidato cha nne ningependa kusomea utungaji na uongozaji wa filamu. Alisimamisha mguu juu ya kanyagio, akasema, "La," kisha akaendelea kushona. Mama alinikonyeza ninyamaze, nami nikanyamaza. Hatukulizungumza tena jambo hilo mpaka shule zikafunguliwa.

Baada ya kuiona filamu ile bwaloni nilikaa na swali lake muda wa majuma mengi. Likizo ya Aprili ilipofika, sikumwomba baba kitu. Jioni moja nilikuwa nikimsaidia kutia vifungo katika sare za shule, nikamwuliza, "Baba, wewe ulipokuwa na umri wangu ulitaka kufanya kazi gani?" Alinyamaza kwa muda, nikadhani hatajibu. Kisha akaingia chumbani akatoka na sanduku la bati.

Ndani ya sanduku mlikuwa na brashi za rangi, kubwa na ndogo, zimefungwa katika kitambaa. Alinieleza kwamba alikuwa akichora vibao vya maduka na magari ya abiria. Alichora simba, tai, na majina ya magari kwa herufi zenye kivuli. Watu walimsifu, wakamwita fundi wa mafundi. Lakini mwenye gari mmoja alimpa nusu ya fedha na ahadi ya nusu nyingine, naye mpaka leo hajaiona. Wa pili akafanya hivyo hivyo. Wa tatu alichukua gari usiku baada ya kazi ya siku nane, asirudi. Mimi nilikuwa karibu kuzaliwa. Ndipo baba akaenda kujifunza ushonaji. "Kazi ya sanaa hulipwa kwa sifa," akaniambia, "na sifa hainunui unga."

Nilizishika brashi zile mkononi. Zilikuwa laini. Miaka kumi na saba imepita, nazo hazikukauka, maana yake kila mara mtu amekuwa akizisafisha kwa mafuta ya taa na kuzirudisha sandukuni. Sikusema neno juu ya hilo, naye hakusema.

Sitawadanganya wasomaji kwamba baba alikubali usiku ule. Yetu si filamu ya saa mbili. Aliniambia nifanye mtihani kwanza. Kisha akanitaka nimwandikie, kwa maandishi na si kwa mdomo, ni chuo gani kinachofundisha kazi hiyo, ada yake ni kiasi gani, ni nani huwaajiri wanaohitimu, na ni mkataba wa namna gani huwekwa ili mtu asifanye kazi ya siku nane bure. Swali la mwisho alilirudia mara mbili. Nimeanza kuyatafuta majibu. Nimekwisha kujua kwamba Chuo Kikuu cha Kenyatta kina masomo ya filamu na tamthilia. Habari za mikataba nazitafuta bado, na mzazi yeyote msomaji wa gazeti hili anayezifahamu atakuwa amenisaidia sana akimwandikia mwalimu wetu wa fasihi.

Kwa wanafunzi wenzangu nina neno moja. Wengi wetu tutajaza fomu za kuchagua masomo ya chuo, na wengi tutapata "la" kutoka nyumbani. Hapana budi tumheshimu mzazi, lakini heshima haizuii kuuliza. Ukimwuliza kwa nini amekataa, huenda akakujibu kwa hasira. Mwulize badala yake yeye alitaka kuwa nani. Utapata jibu la kukusaidia kuamua, na kama wewe ni mtunzi, utapata na hadithi pia.

Kwa wazazi naomba radhi kuwashauri, kwa kuwa mtoto hamfundishi mzee. Nasema tu kwamba tungependa kuyajua mambo yaliyomo katika masanduku yenu, hata kama jibu lenu litabaki "la."

Bibi Chadha alitoka Nairobi akiwa mtoto mdogo. Lakini alipomtunga baba wa Jess alimpa ujana wa Nairobi, na watu wa Uingereza, Marekani na hata Korea wakausikia mji wetu mkuu ukitajwa na mzee anayekumbuka jinsi alivyocheza vizuri. Mimi kwa sasa ninayo barua ya kuandika kwa fundi cherehani mmoja wa Voi, nami nataka hesabu zake ziwe sahihi. Nawatakia wenzangu wa kidato cha nne heri katika mtihani.